Msafiri wa Kiyahudi na Chakula cha Hotelini

Mlio nyumbani mkinywa chai ya asubuhi, mlio njiani, nanyi mlio wagonjwa vitandani, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache. Kama Biblia i karibu nawe, fungua kitabu cha Danieli, mlango wa 1, usome tangu mstari wa 8 hadi wa 16.

Tuanze na kikombe cha chai. Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri pamoja na Wakristo wenzetu kwenda kuzuru nchi ya Israeli. Jioni ya kwanza mjini Yerusalemu tuliketi katika chumba cha kulia cha hoteli, tukaletewa kuku, viazi na mboga, tukala tukashiba. Kisha mama mmoja wa kundi letu akaomba chai. Chai ikaja, nyeusi. Akaomba maziwa. Kijana mhudumu akatikisa kichwa, akasema kwa adabu kwamba usiku huo maziwa hayapatikani mezani. Mama akatugeukia: "Hoteli kubwa namna hii, imekosa maziwa?"

Asubuhi yake tulikuta maziwa tele, jibini za namna nyingi, mayai, samaki na mboga mbichi. Lakini nyama hapakuwa hata kipande. Ndipo tukatambua ya kwamba maziwa hayakuwa yamekwisha usiku ule. Tulikuwa tumeingia katika nyumba inayotunza sheria ya Musa juu ya vyakula, na sheria hiyo ilitugusa sisi wageni katika kikombe cha chai.

Leo tungependa kueleza jinsi Myahudi mshika dini anavyoitunza sheria hiyo akiwa safarini, mbali na jiko la nyumbani kwake. Huenda msikilizaji akauliza, jambo hili latuhusu nini sisi Wakristo? Tuvumiliane kidogo, tutafika huko.

Kwanza yafaa tuijue sheria yenyewe. Wayahudi hukiita chakula kinachoruhusiwa kosheri, maana yake kinachofaa. Mizizi yake imo katika Biblia tunayoisoma kila Jumapili. Katika Mambo ya Walawi mlango wa 11, na Kumbukumbu la Torati mlango wa 14, imeandikwa kwamba mnyama wa kuliwa awe na kwato zilizopasuka, na awe anacheua. Kwa hiyo ng'ombe, mbuzi na kondoo wanafaa. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui, naye ngamia hucheua lakini kwato zake si za namna hiyo. Wote wawili hawafai. Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Ngege wa Ziwa Victoria anafaa, na mbuta anafaa. Lakini kambale hafai kwa kuwa hana magamba. Kamba, kaa na pweza, ambao hoteli za pwani hujivunia kuwapika, hawafai kabisa.

Tena mnyama mwenyewe kufaa hakutoshi. Ni lazima achinjwe na Myahudi aliyefundishwa kazi hiyo, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo, na mapafu ya mnyama yakaguliwe. Kwa kuwa damu imekatazwa, nyama hulowekwa majini kwa muda wa nusu saa, hupakwa chumvi na kuachwa muda wa saa 1 ili damu itoke, kisha husuuzwa. Watu wengi hapa kwetu hudhani ya kuwa kosheri na halali ni kitu kimoja. Sivyo. Ndugu zetu Waislamu hula ngamia, na hula nyama pamoja na maziwa. Nyama ya bucha ya halali haimtoshelezi Myahudi mshika sheria, ingawa twaona ya kuwa dini hizo mbili zafanana katika kukataa nguruwe na damu.

Mzizi wa tatu ndio uliomnyima mama yule maziwa. Mara tatu Torati yakataza kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake: mara mbili katika Kutoka, na mara moja katika Kumbukumbu la Torati. Walimu wa Kiyahudi waliijengea amri hiyo ua, ili mtu asiikaribie hata kwa bahati mbaya. Nyama yoyote isipikwe wala isiliwe pamoja na maziwa yoyote. Akisha kula nyama, mtu hungoja kabla ya kunywa maziwa. Wengi hungoja muda wa saa 6, wengine saa 3, na wenye asili ya Uholanzi saa 1. Nyumba yenye kushika sheria ina sufuria za nyama na sufuria za maziwa, sahani za nyama na sahani za maziwa. Matunda, mboga, mayai na samaki havihesabiwi kuwa nyama wala maziwa.

Sasa, msikilizaji, hapa ndipo ilipo taabu ya hoteli. Mtu aweza kusema, "Basi Myahudi aagize wali na mboga, shida iko wapi?" Shida iko katika sufuria. Kwa sheria yao, chombo kilichopikiwa chakula motoni hunywa ladha ya chakula kile, na kikipikiwa tena huitoa. Wali uliopikwa katika sufuria iliyopikiwa nyama ya nguruwe jana, hata kama ilioshwa ikang'aa, hauliwi. Msingi wa jambo hili twaupata katika Hesabu 31, ambapo vyombo vya chuma vilivyotekwa vitani viliamriwa kupitishwa motoni, na katika Walawi 6, ambapo chungu cha udongo kilichopikiwa nyama ya sadaka ya dhambi huvunjwa, lakini chombo cha shaba husuguliwa na kusuuzwa. Basi jiko la hoteli ya kawaida, lenye sufuria mia na kikaango kinachopita kutoka soseji hadi mayai, ni mahali pagumu kwake.

Tena kuna sheria juu ya mikono inayopika. Vyakula kadhaa vilivyopikwa na mtu asiye Myahudi havikubaliki, hata vikiwa safi kwa asili yake. Kwa desturi ya Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya, Myahudi akiwasha moto mwenyewe, mwingine aweza kuendelea kupika. Na divai wana ulinzi wake mkali zaidi.

Je, msafiri hufanyaje basi? Hujitayarisha kabla ya kutoka nyumbani. Akipanda ndege, huagiza chakula chake siku moja au mbili mbele, nacho huletwa kimefungwa mara mbili na kutiwa muhuri. Mhudumu wa ndege hukipasha moto bila kukifungua, na abiria mwenyewe ndiye avunjaye muhuri. Akifika hotelini, hufanya vivyo hivyo: chakula alichokuja nacho hukifunga kwa karatasi ya aluminiamu mara mbili, ndipo kiweze kuingia katika jiko la hoteli bila kuguswa na mvuke wa vyakula vingine.

Sandukuni huweka samaki wa mkebe, mikate mikavu, na vyakula vya pakiti vyenye alama ya kosheri. Alama moja ijulikanayo sana ni herufi U ndani ya duara, ambayo ni alama ya umoja wa masinagogi ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1898. Wengine hubeba sufuria ndogo ya umeme, kisu, kijiko na sahani zao. Sokoni hununua ndizi, machungwa na maparachichi, akayamenya kwa kisu chake mwenyewe. Hata kisu kina maana, kwa sababu limau na kitunguu huhesabiwa kuwa vitu vikali vinavyovuta ladha iliyo katika chuma.

Sabato nayo huongeza kazi. Tangu kabla ya jua kuchwa siku ya Ijumaa hadi usiku kuingia siku ya Jumamosi, hawashi moto wala hapiki. Yampasa awe na mikate na chakula chake tayari kabla jua halijatua. Hata mlango wa chumba unaofunguliwa kwa kadi ya umeme humpa shida, naye huomba ufunguo wa kawaida kama upo.

Je, sheria hii haina huruma? Inayo. Uhai wa mtu ukiwa hatarini, sheria za vyakula huwekwa kando, na mgonjwa hulishwa kile kitakachomwokoa. Walimu wao wafundisha kwamba kuokoa uhai ni wajibu. Lakini njaa ya kawaida ya msafiri, au haya ya kuonekana tofauti mbele ya watu, si hatari ya uhai.

Jambo hili si geni. Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana wa ugenini, mbali na wazazi na makuhani wao, katika jumba la mfalme wa Babeli. Chakula kilikuwa kizuri, nacho kilikuwa bure. Danieli aliazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula kile. Tafadhali angalieni jinsi alivyofanya. Hakupindua meza, wala hakumtukana mpishi. Alimwendea msimamizi akaomba kwa heshima wajaribiwe siku 10 kwa mimea na maji. Alijua pia ya kuwa mkuu wa matowashi aliogopa kukatwa kichwa, kwa hiyo akatafuta njia isiyomwumiza mwenzake.

Mwandishi wa Kiyahudi Yosefo, aliyeishi katika karne ile ya mitume, alisimulia katika habari za maisha yake juu ya makuhani waliopelekwa Roma wakiwa wafungwa. Aliyewapeleka alikuwa Feliki, liwali yule yule tunayemsoma katika Matendo ya Mitume akimweka Paulo kifungoni. Makuhani wale, hata katika minyororo, walijilisha tini na kokwa tu ili wasiiache ibada yao. Yosefo alisafiri kwenda kuwaombea kwa Kaisari, karibu na mwaka 64.

Na katika karne iliyopita, huko Marekani, wakati hoteli nyingi zilipokataa kuwapokea Wayahudi, wao wenyewe walijenga hoteli katika milima ya Catskill, jimbo la New York, zenye majiko ya kosheri. Mojawapo iliyovuma sana iliitwa Grossinger's, nayo ilifungwa mwaka 1986. Hapo msafiri alikula bila kuuliza maswali.

Hata hapa Afrika Mashariki tunao majirani wanaoijua sheria hii. Nairobi pana sinagogi, na karibu na Mbale, nchini Uganda, wapo Waafrika wanaoitwa Abayudaya. Walianza mwaka 1919 chini ya kiongozi wao Semei Kakungulu, aliyekuwa kwanza Mkristo wa Kiprotestanti. Wakati wa utawala wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku, lakini baadhi yao hawakuiacha. Basi yawezekana kabisa siku moja mgeni wa namna hii akabisha mlangoni pako.

Kwetu alibisha. Mzee mmoja Myahudi, mwalimu, alikuja kuzungumza na wachungaji wetu juu ya Agano la Kale, akalala katika nyumba ya wageni ya kanisa. Hatukuwa tumeuliza mapema juu ya chakula chake, na kosa hilo lilikuwa letu. Mama mpishi alichinja kuku wawili, akapika mchuzi na chapati, kama tunavyofanya sote kwa mgeni wa heshima. Mzee alishukuru, akaketi nasi mezani, kisha akatoa mfukoni mkebe wa samaki na mikate mikavu, akaomba ndizi.

Ninyi mwajua maana ya jambo hilo kwetu. Kukataa chakula cha mtu ni kama kumkataa mwenyewe. Mama mpishi alisimama kando ya meza, akauliza, "Mzee, kuku wetu ana kosa gani?"

Tulimfasiria mgeni swali hilo. Akaweka chini mkate wake, akajibu, "Mama, kuku hana kosa, wala mikono yako haina kosa. Amri hii hukuwekewa wewe, niliwekewa mimi. Nisamehe kwa kukuonea haya mbele ya wageni wako." Kisha akamweleza habari za kuchinja, na za sufuria, kama tulivyowaeleza ninyi.

Usiku ule, mgeni alipokwisha kulala, tulishauriana jikoni. Alikuwa akae siku 3, na mkebe mmoja hautoshi. Mmoja wetu, tena mtu wa kanisa wa miaka mingi, alisema, "Kesho mchemshieni mayai katika sufuria hii hii. Yai lililochemshwa ni yai tu. Atajuaje?" Tukubali mbele zenu ya kuwa wengine wetu tulinyamaza, maana shauri lile lilikuwa rahisi.

Mama mpishi ndiye aliyejibu. Alisema, "Yeye hatajua. Lakini Mungu wake atajua, na Mungu wake si ndiye Mungu wetu?"

Asubuhi na mapema alikwenda sokoni akanunua sufuria mpya na mwiko mpya. Alimletea mzee akamwuliza, "Sasa nifanye nini?" Mzee alifurahi sana. Aliiosha sufuria, akawasha jiko la makaa kwa mkono wake mwenyewe, na mama akatia mayai na viazi vitamu. Siku zile 3 walipika hivyo, yeye akiwasha na mama akipika, nao wakala katika meza moja nasi. Mzee alipoondoka, mama aliisugua sufuria ile akaiweka rafu ya juu peke yake. Ukimwuliza ni ya nani, husema, "Ya yule mzee. Huenda akarudi."

Sasa tunarudi kwa swali letu: latuhusu nini? Sisi hatushiki sheria ya kwato na magamba. Twasoma katika Matendo 10 maono ya Petro, na katika Matendo 15 jinsi mitume walivyokataa kuwatwika Mataifa kongwa lote la Torati. Twashukuru kwa uhuru huo. Lakini mtume Paulo, aliyeutetea uhuru huo kuliko wote, ndiye aliyeandika katika Warumi 14 kwamba tusimharibu mtu kwa ajili ya chakula, na katika Wakorintho wa Kwanza mlango wa 8 kwamba alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu. Uhuru wetu si fimbo ya kumpigia mwenzetu ambaye dhamiri yake imefungwa. Wala hatukupewa ruhusa ya kumdanganya mtu juu ya kilicho sahanini mwake, awe Myahudi, au Mwislamu, au Mkristo mwenzetu aliyeacha nyama au pombe kwa nadhiri.

Basi ninyi mnaopokea wageni, mkiwa na hoteli, au nyumba ya wageni, au chumba kimoja tu, ulizeni mapema: "Mgeni wetu hula nini, na hali nini?" Mkiambiwa, liaminini neno lake. Msiseme, "Kidogo tu hakitakudhuru." Na kama hamwezi kumpikia, mpeni ndizi na maji safi na kiti mezani penu. Mtakuwa mmempa heshima.

Lakini neno lile, "Atajuaje?", lina ndugu yake, nalo latuhusu sisi tunaosafiri. Ndugu yake ni, "Nani atanijua huku?" Wako kati yetu watu ambao kijijini ni wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya, lakini wakishuka kutoka basi mjini, wakipewa ufunguo wa chumba cha hoteli, ile imani huiacha katika kiti cha basi. Kinywaji ambacho hawakigusi nyumbani hukigusa huko. Mwenzi wao wa ndoa humsahau huko. Hesabu ya nauli na malazi waliyotumwa na ofisi au na kanisa huiandika kwa namna nyingine huko. Kisha hurudi, na Jumapili huketi mahali pao pa kawaida.

Sisi tulio huru na sheria ile, hebu tumtazame msafiri yule aliyebeba sufuria yake ndogo sandukuni. Hotelini hakuna rabi wala jirani anayemtazama. Angeweza kuagiza chochote, na mkewe asijue kamwe. Walakini hufungua mkebe wake wa samaki peke yake chumbani, akasema baraka, akala. Huenda tusikubaliane naye juu ya sufuria. Lakini juu ya jambo moja ametutangulia wengi wetu: Mungu anayemwabudu nyumbani amesafiri naye.

Ndugu msikilizaji, huenda wiki hii una safari. Unapopanga nguo sandukuni, jiulize umepanga nini kwa ajili ya roho yako. Danieli aliazimu moyoni kabla sahani haijaletwa mbele yake. Ukingoja kuazimu wakati sahani imekwisha kuwekwa mezani na rafiki wamekuzunguka, utakuwa umechelewa.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyekuwa pamoja na Danieli Babeli, uwe pamoja nasi tukiwa mbali na kwetu. Utupe moyo mmoja, nyumbani na ugenini. Utufundishe kumpokea mgeni kwa kweli, wala tusimfiche neno. Uwabariki wote wapikao na wote wasafirio. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Hadi wakati mwingine, wapenzi wasikilizaji, kaeni katika amani ya Bwana. Kwaherini.